Kichaa cha Mbwa: Kinga Inaanzia kwa Mwenye Mbwa

Siku ya chanjo, kelele za foleni ya kliniki ya mifugo husikika kabla hujaiona. Mbwa mmoja amefungwa kwa kamba ya katani, mwingine kwa kipande cha wavu wa kuvulia samaki, wa tatu kwa tai ya shule ambayo bila shaka itatafutwa Jumatatu asubuhi. Wengi wa walioshika kamba hizo ni watoto. Watu wazima wako shambani, sokoni au ziwani, na kazi ya kumpeleka mbwa imeachiwa kijana wa darasa la tano.

Nilikaa kwenye benchi la kliniki kama hiyo asubuhi nzima nikisikiliza jinsi kadi za chanjo zinavyojazwa. Swali la kwanza la daktari ni rahisi.

“Mama, mbwa huyu ni wako?”

“Ni wa boma, daktari.”

“Wa boma, sawa. Lakini niandike jina la nani?”

Hapo mama anacheka, anamtazama mwanawe, kisha anasema: “Andika la mzee.” Mzee mwenyewe hayupo, na pengine hajui kwamba tangu leo ana mbwa kwa jina lake. Jibu hilo la “ni wa boma” nililisikia mara nyingi siku hiyo, na naona ndipo shida yetu na kichaa cha mbwa inapoanzia, hapa Migori na kwa majirani zetu wa Homa Bay. Mbwa wa boma ni wa kila mtu akibweka usiku mwizi anapopita. Akihitaji chanjo, hana mwenyewe. Akimuuma mtoto wa jirani, hapo hata boma lenyewe linamkana.

Mbwa koko ni wa nani?

Tumezoea kusema kwamba kichaa huletwa na mbwa koko. Tembea ufuoni Muhuru, Sori, Mbita au Kendu Bay wakati mashua zinarudi, utawaona wamejaa wakigombania matumbo ya samaki na mabaki ya mgongo wazi. Pita karibu na kichinjio au jalala la mji siku baada ya soko, ni hali hiyo hiyo. Lakini jaribu kumfuata mmoja wao jua likizama. Mara nyingi atakuongoza hadi kwenye boma, atapita chini ya ua, na atalala penye jivu karibu na jiko. Ana jina. Watoto wanamjua. Kinachokosekana ni chakula cha kutosha, kamba na chanjo. Tafiti zilizofanywa vijijini Afrika Mashariki zimeonyesha jambo hilo hilo: sehemu kubwa ya mbwa tunaowaita koko wana nyumba wanayotoka.

Hili linabadilisha jinsi ya kupambana na ugonjwa. Kama mbwa hawa hawakuwa na wenyewe, tungehitaji kuwawinda. Kwa kuwa wana wenyewe, tunahitaji tu waletwe. Kila baada ya kisa cha mtu kuumwa, wakaazi hudai mbwa wote wauawe kwa risasi au sumu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuua mbwa kiholela hakumalizi kichaa. Wanaouawa hujumuisha waliokwisha kuchanjwa, yaani walinzi wetu, na nafasi zao huchukuliwa na vijibwa vipya visivyo na kinga yoyote. Sumu nayo haichagui. Nyama yenye sumu iliyotupwa njiani inaweza kuokotwa na paka, nguruwe au mtoto.

Yaliyofanyika ng’ambo ya mpaka

Ukivuka Isebania unaingia mkoa wa Mara, Tanzania. Ukiendelea kusini kupita Tarime, unafika wilaya ya Serengeti. Huko, kati ya mwaka 1996 na 2001, watafiti na maafisa wa mifugo waliendesha kampeni nne za kuchanja mbwa wa vijijini. Hakukuwa na muujiza wowote. Kijiji kilitangaziwa siku, wenyeji wakaleta mbwa wao mahali pamoja, sindano zikadungwa. Walifikia takriban asilimia 64 ya mbwa. Visa vya kichaa kwa mbwa vilishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu waliofika hospitalini kutibiwa baada ya kuumwa na wanyama walioshukiwa nao walipungua. Katika wilaya jirani ya Musoma, ambako mbwa hawakuchanjwa, hali haikubadilika hivyo.

Nataja Serengeti kwa sababu maisha ya huko hayana tofauti kubwa na ya Kehancha au Ntimaru. Watu ni wafugaji na wakulima, mbwa hufuata ng’ombe malishoni, na barabara nyingi ni za vumbi. Kama iliwezekana huko zaidi ya miaka 20 iliyopita, haiwezi kutushinda.

Lengo linalotumika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kila mwaka. Kati ya mbwa kumi, saba. Sababu yake ni kwamba kichaa hakisambai kwa kasi kama surua. Mbwa mmoja mgonjwa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja hadi wawili tu kabla ya kufa. Akikuta wengi wa anaowauma wamechanjwa, mnyororo unakatika. Kurudia kila mwaka ni lazima kwa sababu mbwa wetu huzaa sana na hufa mapema, hivyo kijiji kilichochanjwa vizuri leo kitakuwa na kundi kubwa la vijibwa visivyo na kinga mwaka ujao.

Kenya ina mpango wa kitaifa wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Ulianza mwaka 2014, na kaunti za kwanza kuteuliwa zilikuwa Machakos, Makueni, Kitui, Kisumu na Siaya. Tazama ramani. Kisumu na Siaya ziko kaskazini mwetu, Serengeti iko kusini, na sisi wa Migori na Homa Bay tuko katikati. Mbwa hajui mpaka wa kaunti wala wa nchi. Anayezurura kati ya Rongo na Ndhiwa hahitaji kibali.

Ukiumwa, saa ya kwanza ni yako

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa jeraha la kuumwa, kwa mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Virusi hivyo havisafiri kwa damu kama malaria. Hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Vikishafika na dalili zikaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza au kupooza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo, karibu kila mgonjwa anaweza kuokolewa. Sijui ugonjwa mwingine ambao kuchelewa na kuwahi vinatofautiana kiasi hiki.

Kwa hiyo, mtoto akiumwa, usianze kwa kumtafuta mwenye mbwa mgombane. Anza na maji na sabuni. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Sabuni yoyote inafaa, hata ya mche ya kufulia. Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyotoa mafuta kwenye sufuria. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na mtoto atalia. Tumia saa ya simu. Kisha paka dawa ya kuua viini kama ipo, usilifunge jeraha kwa kubana, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Tunachokiona mara nyingi badala yake ni mafuta ya taa, majivu, pilipili, majani yaliyotafunwa, au unywele wa mbwa yule yule ukichomwa na kubandikwa juu ya jeraha. Hakuna kati ya hivyo kinachoua virusi, na baadhi huviingiza ndani zaidi. Sisemi haya kuwadharau bibi na babu zetu. Nyumbani kwetu, nikiwa mdogo, niliwekewa majani nilipoumwa, na nikapona. Nilipona kwa sababu mbwa yule hakuwa mgonjwa, wala si kwa sababu ya majani. Ndivyo sifa ya dawa hizi inavyojengwa: wengi huumwa na mbwa wazima, hupona, na majani hupata heshima yasiyostahili.

Hospitalini utapewa chanjo kwa ratiba. Inayotumika sana hapa nchini ni sindano siku ya kwanza, ambayo huhesabiwa kuwa siku sifuri, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Hudungwa mkononi juu, na kwa watoto wadogo pajani. Zile hadithi za sindano nyingi tumboni ni za chanjo ya zamani isiyotumika tena. Jeraha likiwa limetoboa ngozi, daktari anaweza kuongeza immunoglobulini, kinga iliyo tayari ambayo hudungwa kuzunguka jeraha ili kuvizuia virusi wakati mwili unajitengenezea kinga yake. Mama mjamzito naye huchanjwa. Chanjo hii ni salama kwake.

Kosa linaloua ni kuacha njiani. Jeraha limekauka, nauli ya bodaboda imekuwa ghali, na siku ya 14 inapita. Kukauka kwa jeraha hakukuambii lolote kuhusu virusi. Pia, si kila zahanati ina chanjo hii, kwa hiyo muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako mapema ni kituo gani cha karibu kinacho nayo. Uliza leo, kabla hujaihitaji.

Na mbwa je?

Mbwa akiuma, usimuue ukamtupa mtoni. Kama anaweza kufungiwa bila mtu mwingine kuumwa, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Mbwa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, na akishaugua hufa haraka. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo kumi ziishe ndipo umpeleke mgonjwa hospitali. Matibabu huanza mara moja, na mbwa huangaliwa huku matibabu yakiendelea.

Kama mbwa amekufa au imebidi auawe, usimpige kichwani, na usimguse kwa mikono mitupu. Uhakika wa ugonjwa hupatikana kwa kupima ubongo katika maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete. Mpigie afisa wa mifugo aje achukue sampuli.

Picha tuliyo nayo vichwani ni ya mbwa mkali anayetoa povu na kukimbia ovyo. Wako hivyo, lakini kuna wengine ambao hawana ukali wowote, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi. Mbwa anakuwa mnyonge na kujificha gizani, sauti yake inabadilika, taya linalegea, mate yanamtiririka, anashindwa kumeza. Mwenye mbwa anafikiri amekwamwa na mfupa, anaingiza mkono kinywani kuutoa. Vivyo hivyo kwa ng’ombe. Mfugaji wa Suna au Kuria akiona ng’ombe anatokwa na mate na hali, wazo la kwanza ni kwamba amemeza kiazi au gunzi. Mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Kama ng’ombe huyo aliumwa na mbwa mgonjwa wiki kadhaa zilizopita malishoni, mkono huo sasa umelowa mate yenye virusi, na kila mkwaruzo wa jembe uliopo juu yake ni mlango. Ng’ombe au mbwa anayetokwa mate na kushindwa kumeza, mwite daktari wa mifugo kwanza. Usimchinje mkala, wala usinywe maziwa yake.

Maswali ya kwenye benchi

Baba mmoja aliuliza kwa nini mbwa wake achanjwe ilhali hatoki nje. Alipoulizwa kama ua wake umefungwa pande zote, alikubali kwamba upande wa mtoni uko wazi. Hapo jibu likawa limepatikana.

Wengi huuliza umri. Kwa desturi, kijibwa huchanjwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, lakini wakati wa kampeni leteni hata walio wadogo zaidi. Daktari ataamua na kuwaambia lini warudi. Mbwa mwenye mimba naye aletwe. Paka pia, maana paka hupata kichaa na hulala kitandani na watoto. Chanjo huhitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga, kwa hiyo haimtibu mbwa aliyekwisha kuumwa na mgonjwa. Huyo usikae naye kimya, mwambie daktari ukweli.

Kuhusu bei, chanjo ya mbwa ni gharama ndogo sana ukilinganisha na dozi zote za binadamu, ambazo hufikia maelfu ya shilingi kabla hujahesabu nauli na siku za kazi zilizopotea. Jihadharini tu na bei rahisi ya mtaani. Chanjo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayekujia na chupa kwenye mfuko wa koti saa saba mchana pale Awendo anakuuzia maji ya moto. Anayetibu mifugo anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na una haki ya kuomba kuona cheti chake. Dai kadi yenye tarehe, na uitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mengine ambayo daktari hutazama akishamshika mbwa nitayapitia haraka. Minyoo ya mbwa hupita kwa watoto wanaocheza mchangani, kwa hiyo dawa ya minyoo kila miezi mitatu inasaidia nyumba nzima. Kupe huleta homa inayoua mbwa. Kwa wanaoishi karibu na bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, mbwa anayekonda, mwenye homa na jicho lililofunikwa na wingu jeupe au la samawati anaweza kuwa na nagana kutokana na mbung’o. Mwahishe, kwa sababu mbwa hawaivumilii kama ng’ombe wa kienyeji. Utumbo na mapafu kutoka kichinjioni vipikwe kwanza. Na kama hutaki vijibwa, mhasi mbwa wako. Kuvitia kwenye gunia na kuviacha sokoni usiku ni ukatili unaokatazwa na sheria, na mwaka ujao utakutana navyo vikiwa vikubwa.

Nani anawajibika

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya huduma za mifugo, udhibiti na ustawi wa wanyama, na utoaji wa leseni za mbwa. Mkaazi ana haki ya kuuliza kaunti yake kampeni ya chanjo iko lini na mbona haijafika kwake. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, nayo inamtaka anayeshuku mnyama ana ugonjwa huu atoe taarifa. Naibu chifu, mzee wa kijiji na mhudumu wa afya ya jamii wanaweza kufikisha taarifa hiyo kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo. Mwalimu naye anaweza, na mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa duniani, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15, na mtoto aliyekuwa akimchokoza mbwa wa jirani huogopa kusema nyumbani. Mwambieni mtoto kwamba hatachapwa kwa kusema.

Siku ya chanjo ikitangazwa kwenye kata yako, mlete mbwa mapema kabla jua halijawa kali, akiwa na kamba imara shingoni, si tai. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kama ni mkali, umwache apumue. Aje na mtu mzima anayemzoea, hata kama mtoto ndiye rafiki yake mkubwa. Na kabla hamjatoka nyumbani, kubalianeni ni jina la nani litaandikwa kwenye kadi.